UZI: Alan Wake Remastered, tusiziruke kurasa za mswada. Hofu yote iko mle

MtuWaHimbi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za usiku. Naandika kutoka Goma.

Uzi huu ni wa gemu ninayoipenda sana na ambayo naona inachezwa vibaya kwenye sali nyingi za michezo hapa mjini. Kijana analipia saa yake, anawasha Alan Wake Remastered, kila maongezi anayaruka, kila karatasi iliyo chini anaipita, anataka risasi tu. Akifika sehemu ya pili anarudisha maneti, yaani kile kidhibiti cha mkononi: "Hii inajirudia." Ukiicheza namna hiyo ni kweli, inajirudia. Ukitoa hadithi unabaki na msitu, tochi na watu wenye mashoka, basi.

Kwa wasioijua: imetengenezwa na Remedy, kampuni ya mji wa Espoo nchini Ufini, na mwandishi wake mkuu ni Sam Lake. Ilitoka Mei 2010 kwenye Xbox 360 peke yake, ikaja kwenye kompyuta 2012. Sisi watu wa PlayStation, na hapa Goma ndio tulio wengi, tulikuwa tunaisikia kwa mbali tu. Tarehe 5 Oktoba 2021 ndipo lilipotoka toleo lililorimastiwa, yaani ileile iliyoboreshwa picha, na hapo ndipo PS4 na PS5 zikaipata kwa mara ya kwanza.

Nitasimulia mwanzo tu, nisiwaharibie utamu. Alan Wake ni mwandishi wa riwaya mwenye jina kubwa New York, lakini miaka miwili sasa hajaweza kuandika kitu. Anasafiri na mkewe Alice kwenda kupumzika Bright Falls, mji mdogo wa milimani katika jimbo la Washington, Marekani. Wanafikia nyumba ya mbao iliyo juu ya kisiwa kidogo ndani ya Cauldron Lake. Alice anaogopa giza, kuogopa kwelikweli. Usiku wa kwanza umeme unakatika, Alice anapiga kelele, Alan anarudi mbio na kukuta mkewe ameanguka ziwani. Anajitosa majini kumfuata. Anapozinduka yuko ndani ya gari lililopata ajali, juma zima limepotea kichwani mwake, na kule msituni anaanza kuokota kurasa za mswada uliobeba jina lake. Hakumbuki kuuandika. Na yaliyoandikwa mle yanatokea.

Hapo ndipo penye kiini cha gemu nzima. Unaokota ukurasa, Alan mwenyewe anakusomea kwa sauti yake, na ukurasa unakuambia jambo ambalo bado. Mmoja unasema atasikia msumeno wa mashine msituni. Umeusoma, umeuelewa, unaendelea na safari. Kuanzia hapo unatembea kwa masikio. Upepo ukipita kwenye miti unasimama. Tawi likivunjika unageuza tochi. Msumeno hauji. Unavuka daraja, hauji. Unaanza kujiambia labda haukuhusu wewe. Ndipo unausikia unanguruma, nawe ulishajua, na kujua hakukusaidii chochote.

Gemu nyingi za kutisha zinashtua: mlango unapigwa kishindo, moyo unaruka, baada ya sekunde mbili umepoa. Hii inakuonya kwa maandishi halafu inakuacha uende kwa miguu yako mwenyewe. Kuna mlinzi wa hifadhi anaitwa Rusty, mtu mpole mnayekutana naye mapema. Unapomkuta ameumizwa usiku kule Elderwood, kinachomtesha zaidi ya majeraha ni kwamba aliuokota ukurasa unaomhusu. Alikuwa ameyasoma.

Niseme kwa nini jambo hili lilinigusa mimi mtu wa hapa. Mei 2021 volkano yetu ya Nyiragongo ilitoa moto tarehe 22 jioni, lava ikateremka hadi Buhene, pembeni ya mji, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Tulikimbia, tukarudi, tukakaa na matetemeko usiku na mchana. Halafu tarehe 27 alfajiri tukaambiwa mitaa kumi ihame: lava ingeweza kutoka tena, chini ya ardhi au hata chini ya ziwa, bila dalili. Njia ya Sake ilijaa watu, magodoro kichwani, chukudu, zile baiskeli zetu za mbao, zimepakia wazee na masufuria. Hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Kila mmoja alikuwa anageuka nyuma kidogo kuutazama mlima, kisha anaendelea. Lava ya pili haikuja. Lakini ukiniuliza niliogopa zaidi lini, nitakuambia ni njiani kwenda Sake, wakati hatukuwa tunaona kitu chochote ila tulikuwa tumeambiwa.

Aliyewahi kutembea na habari ya namna hiyo kichwani atauelewa mswada wa Alan Wake vizuri kuliko mchezaji mwingi wa Ulaya. Kwa hiyo ombi langu kwa vijana wa sali: okoteni kurasa, na zikisomwa nyamazeni. Ziko zaidi ya mia moja, na baadhi hazionekani mpaka ucheze kiwango cha juu kabisa, Nightmare.

Karibuni tuongee.

MwanaBirere

Yaya, aksanti kwa hii uzi. Mi niko na PS4 ya zamani, itacheza muzuri ao itakwama kwama? Na jambo ingine ni umeme. Huku kwetu inaweza kukatika mara tatu usiku moja. Ile gemu inasevu namna gani? Sitaki nifike mbali halafu nianze tena mwanzo.

MtuWaHimbi

Mdogo wangu, PS4 inatosha. Kwenye PS5 picha inakwenda fremu 60 kwa sekunde na ni laini zaidi, lakini hadithi na sauti ni zilezile, na giza ni lilelile.

Kuhusu kusevu, sikiliza, maana ni sehemu nzuri ya gemu yenyewe. Adui zako ni watu waliotwaliwa na giza, gemu inawaita Taken. Giza limewafunika mwilini kama moshi, risasi haiwaingii. Kwanza unawamulika na tochi mpaka lile giza liungue, ndipo bastola inafanya kazi. Ukikaza mwanga betri inashuka haraka. Ukiuachia inajijaza polepole, au unabadilisha betri na kuokoa sekunde ambazo huna. Sasa unakimbia msituni, betri inakwisha, una risasi mbili, na mbele unaiona taa moja ya barabarani inawaka. Ukiingia chini ya ule mwanga Taken hawakufuati, afya inarudi, na gemu inasevu hapohapo. Taa ndiyo hifadhi yako. Umeme wa nyumbani ukikatika, utaamkia kwenye taa ya mwisho uliyofikia.

Pengine taa imezimika na kuna jenereta pembeni. Unabonyeza kitufe kwa wakati wake, ukiwahi au ukichelewa inakohoa na kuzima, na wao wanakuja. Sihitaji kumweleza mtu wa Birere hali hiyo.

Ila tafuta onduleri, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme ukikatika, hata ndogo. Mashine haipendi kuzimwa ghafla wakati inaandika kwenye diski, na usiku mmoja wa umeme unaorukaruka unaweza kukuharibia faili lote la sevu.

Lushois_Kenya

Salamu kutoka Lubumbashi, commune ya Kenya (sehemu ya mji, si nchi). Kaka, hadithi nakubali, ni kubwa. Lakini tuseme ukweli kuhusu rimasta yenyewe. Mimi niliicheza ile ya 2010 kwenye Xbox 360. Hii mpya wamepaka rangi tu. Midomo ya watu bado haiendani na maneno. Kuendesha gari kulekule kuzito. Mapigano hawajagusa kitu. HDR, ile teknolojia ya kutofautisha vizuri mwanga na giza kwenye picha, haikuwemo ilipotoka. Mwaka 2021 gemu inatoka bila HDR, tena gemu ambayo mambo yake yote ni mwanga na giza! Wangeijenga upya toka msingi kama wengine wanavyofanya.

MtuWaHimbi

Kaka wa Lubumbashi, karibu sana. Kuhusu HDR uko sahihi kabisa, nami nililisikitikia hilo. Midomo pia ni kweli, kuna maongezi na mwanamke wa kwenye mgahawa ambayo ukitazama uso badala ya kusikiliza utaona ni kazi ya zamani.

Lakini kusema wamepaka rangi tu, hapana. Ile ya Xbox 360 picha yake ilichorwa kwa nukta 960 kwa 540, chini hata ya HD ya kawaida, halafu ikakuzwa. Msitu ulikuwa kama uji kwa mbali. Rimasta, ambayo Remedy waliifanya pamoja na studio ya d3t ya Uingereza, inafika 4K. Uso wa Alan umetengenezwa upya, sasa anafanana kweli na Ilkka Villi, mwigizaji wa Kifini aliyempa mwili wake. Majani, mawe yaliyolowa, ukungu unaoshuka mlimani, hivyo vyote vimeguswa. Simama mahali popote sehemu ya pili, uzime tochi, uangalie bonde. Unaona miti mpaka kule mwisho, inayumba yote, na huna uhakika kama ni upepo. Mwaka 2010 usingeweza kuogopa mti ulio mbali kiasi hicho kwa sababu haukuonekana.

Kuna na kitu walichotoa, nami nawashukuru. Ile ya kwanza ilikuwa na matangazo ndani yake: betri za tochi zilikuwa na jina la kampuni inayojulikana, na mabango mengine vivyo hivyo. Uko katikati ya hofu, unainama kuchukua betri, unakutana na biashara. Kwenye rimasta yameondolewa. Betri ni betri.

Kuijenga upya toka msingi? Kwa gemu nyingine ningesema ndiyo. Hii hapana. Mwendo wake ni wa mfululizo wa televisheni: sehemu sita, kila moja inaisha kwa wimbo, na inayofuata inaanza kwa kukumbusha yaliyopita. Kila kitu kimepimwa kwa mwendo huo, hata kukunyang'anya silaha zako mwanzoni mwa kila sehemu ili urudi kuwa mtu mwenye tochi tu. Ukianza kubadilisha mapigano utabadilisha na umbali kati ya taa na taa, na umbali huo ndio mchezo.

Na hiyo kujirudia mnayoisema, je, umeisahau sehemu ya nne? Shamba la ndugu wawili wazee, Tor na Odin Anderson, waliokuwa wanamuziki wa roki zamani, na lile jukwaa lao katikati ya shamba. Taa za jukwaa, fataki, gitaa zinalia (wimbo wenyewe umepigwa na bendi ya Kifini, Poets of the Fall), na Taken wanatoka gizani pande zote. Pale kwenye sali tulipofika hapo watu waliokuwa wanasubiri zamu ya mpira waliacha kulalamika, wakasogeza viti.

Lushois_Kenya

Jukwaa la Anderson nakupa. Hapo huna mpinzani. Lakini gari, kaka. Gari.

MtuWaHimbi

Gari nakuachia wewe.

MwanaBirere

Yaya, nimeianza jana usiku. Nimefika pale anaambiwa kisiwa hakiko! Eti ile nyumba aliyolala na bibi yake ilizama zamani. Hiyo ziwa inanitisha kuliko wale watu wa mashoka. Leo nimepita pembeni ya Kivu nikaitazama na macho ingine.

MtuWaHimbi

Umeona! Kisiwa kinaitwa Diver's Isle, na ndani ya hadithi kilizama mwaka 1970 volkano iliyo chini ya ziwa ilipotikisika. Cauldron Lake ni ziwa la kubuniwa, tuseme wazi. Lakini waandishi waliliweka juu ya volkano, wakaweka kitu kilicholala chini, na ziwa lenyewe kwa juu ni tulivu, zuri, watu wanakuja kupumzika.

Sisi hatuhitaji kubuniwa ziwa la namna hiyo. Kivu ina kina cha karibu mita 480, na maji yake ya chini yamebeba methani na kaboni dayoksidi nyingi mno, zimekaa kule kwa uzito wa maji ya juu. Watoto wanaoga pale, wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo, wanatoka na taa zao usiku wakiimba. Na upande wa Sake na Bulengo kuna mazuku, hewa inayolala mabondeni alfajiri, unakuta mbuzi amekufa na hakuna aliyemgusa. Mtu aliyekulia hapa hahitaji kuelezwa kwamba mahali pazuri panaweza kuwa na kitu chini yake.

Sasa subiri ufike kwenye televisheni. Nyumba fulani utakazoingia zina tele, washa kila moja unayoiona. Nyingine zinaonyesha kipindi cha ajabu kinachoitwa Night Springs. Lakini nyingine zitamwonyesha Alan mwenyewe, ndani ya ile nyumba ya kisiwani, amekaa mbele ya taipureta, macho yamemtoka, anaongea peke yake huku anaandika. Wewe umeshika maneti unamwongoza Alan, Alan anamtazama Alan. Hakuna muziki unaopanda, hakuna mtu anayeruka dirishani. Mimi nilikaa pale mpaka picha ikakatika, na mdogo wangu aliyekuwa kando alisema kwa sauti ya chini, "Yule ndiye anatuandika." Hakuna aliyekuwa amemweleza.

MamaMwalimu_Bukavu

Wanangu, nimesoma uzi wenu mpaka hapa. Mimi ni mwalimu, niko Bukavu, na kijana wangu ana miaka kumi na minne. Anaitaka hiyo diski. Nauliza mambo mawili. Je, ni ya umri wake? Na Kiingereza chake ni kidogo, ataelewa nini kama mnasema hadithi ndiyo kila kitu?

MtuWaHimbi

Shikamoo Mama, na aksanti kwa kuuliza kabla ya kununua.

Umri: Ulaya imewekewa miaka 16. Marekani waliiweka kwenye kundi la vijana, yaani kuanzia miaka 13. Kuna kuuana, kuna pombe na lugha kali kiasi, lakini haionyeshi matumbo wala mateso ya kutazamwa. Taken wakianguka wanapotea katika mwanga. Uzito wake uko akilini: mke aliyepotea, mume anayejiuliza kama ni yeye aliyemponza, upweke. Mimi kwa kijana wa kumi na minne ningekaa naye. Si kila dakika, lakini zile sehemu za mwanzo, ujue anaichukuaje.

Lugha: maandishi ya chini yanapatikana kwa Kifaransa, na kurasa za mswada pia atazisoma kwa Kifaransa. Kwa mtoto anayesomea shule ya hapa kwetu hilo linatosha. Nyumbani tulifanya hivi: ukurasa ukiokotwa, mmoja anausoma kwa Kifaransa, mwingine anausema kwa Kiswahili kwa ajili ya wadogo na bibi aliyekaa pembeni. Bibi hakuigusa maneti hata mara moja lakini alikuwa anatukumbusha: "Ule ukurasa wa yule mama mwenye taa, mmeusahau?" Alimaanisha Cynthia Weaver, mwanamke mzee anayezunguka mji mzima na kandili mkononi, anabadilisha balbu, anahakikisha kila taa inawaka. Watu wa mji wanamwona amerukwa na akili. Mama, mkifika sehemu ya tano na kukiona chumba alichokiandaa ndani ya bwawa la umeme, utaelewa kwa nini bibi alimpenda.

Mwache asome polepole. Ukurasa hauna haraka, adui hawaji wakati unausoma.

MamaMwalimu_Bukavu

Marahaba mwanangu. Nitakaa naye mwenyewe. Mwenye kandili huyo nataka kumwona.

Kariakoo_Gemu

Mkuu wa Goma, uzi mzuri, heshima yako. Mimi nipo Dar. Nimemaliza sehemu sita, naona kuna mbili za nyongeza, The Signal na The Writer. Ni za lazima kabla ya kwenda Alan Wake II? Na ile American Nightmare, gemu nyingine ya Alan Wake, imo?

MtuWaHimbi

Mkuu, hongera kwa kumaliza.

Zicheze zote mbili. Mwaka 2010 zilitolewa baadaye, peke yake; kwenye rimasta zimo tayari. Zinaanzia pale sehemu ya sita inapoishia, kwa hiyo sitasema zinahusu nini hasa kwa ajili ya walio nyuma. Nitasema hivi: humo maneno yenyewe yanaelea hewani, yameandikwa kwa nuru, na ukiyamulika na tochi yanakuwa kile kilichoandikwa. Ukimulika neno unapata kitu chake, kiwe cha kukusaidia au cha kukuua. Baada ya gemu nzima ya kusoma kurasa, sasa unatembea ndani ya ukurasa. The Signal ni ngumu na inachosha mahali fulani. The Writer ni bora, na mwisho wake ndio mlango wa gemu ya pili.

American Nightmare ya 2012 haimo. Unaweza kuiruka usipotee.

Alan Wake II ilitoka Oktoba 2023, na ndani ya hadithi imepita miaka kumi na mitatu. Inahitaji PS5, Xbox Series au kompyuta yenye nguvu, PS4 haiwezi, MwanaBirere asije akauziwa na mtu wa mjini diski ya uongo. Kati ya hizo mbili, ukipata nafasi, cheza Control ya 2019, gemu nyingine ya Remedy, na nyongeza yake ya AWE, inaunganisha mambo. Na kabla hujafuta rimasta, rudia sehemu ya kwanza ukiwa umewasha maelezo ya sauti ya Sam Lake, anaeleza walivyokuwa wanapanga. Kuna pia misimbo ya QR imefichwa kwenye kuta huku na kule, haikuwepo 2010. Chukua simu uimulike, nisikuambie inakopeleka.

MwanaBirere

Yaya, umeme umerudi. Niko sehemu ya pili, Rusty bado. Nitaandika kesho.